Niliua Kompyuta ya Nyumbani: Historia Fupi ya Kufuta na Kurudisha

Wasee, leo sina mzaha mwingi. Nataka kuwaambia vile niliua kompyuta ya nyumbani kwetu, na kwa nini naamini kosa langu lilianza kupikwa mwaka wa 1983, miaka ishirini kabla sijazaliwa.

Ilikuwa Jumamosi usiku, saa nne hivi. Kompyuta yetu ni ya mezani, ex-UK, mzae aliinunua mjini nikiwa darasa la sita. Imezeeka. Unaiwasha, unaenda kupika chai, unarudi bado inajifikiria. Windows 10 nayo ilikuwa imefika mwisho wa usaidizi wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yetu haikubaliwi na Windows 11. Hiyo inataka chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0 na prosesa ya juzi juzi. Yetu haina hata moja. Lakini mimi nilikuwa nimeona video ya njia ya mkato, ya kuiweka kwa nguvu. Nikajiambia, hii kitu ni ya dakika arobaini.

Sikuwa mjinga kabisa. Jumanne nilikuwa nimenakili picha zote za familia kwenye flashi. Ijumaa nikaenda saiba kupakua Windows, kwa sababu faili lenyewe ni zaidi ya gigabaiti tano na data yangu haingetosha. Kijana wa saiba akaniuliza, "Flashi iko na kitu ndani?" Nikamwambia, "Hapana, ifomati tu."

Naam. Ilikuwa flashi ile ile.

Jumamosi sikujua bado. Nikawasha, nikafika pale inakuonyesha vipande vya diski, nikafuta vyote kama video ilivyosema, nikabonyeza "endelea". Ikafika asilimia sitini na kitu. Stima ikapotea mtaa mzima.

Stima iliporudi, skrini ilikuwa nyeusi na maandishi meupe: hakuna kifaa cha kuwashia. Nikajaribu tena mara tatu. Haikukubali. Saa nane usiku ndipo nikachomeka flashi kwenye laptopu ya rafiki yangu ili angalau nione picha ziko salama. Ndani kulikuwa na faili za Windows peke yake.

Asubuhi mama akaniuliza, "Hiyo mashine imemaliza?"

"Bado kidogo, mama."

"Na picha za shosho ziko?"

Nikasema, "Ziko."

Shosho alituacha mwaka wa 2019. Picha zake zote, na ile video moja anacheka kwenye ruracio ya auntie, zilikuwa kwenye diski hiyo. Hesabu za chama cha mama pia. Niliposema "ziko", nilikuwa nadanganya, na nilijua nadanganya.

Fundi na sentensi moja

Jumatatu nikabeba ile mashine kwenye matatu hadi mjini, kwa fundi mmoja mzee kiasi, duka lake halizidi upana wa kitanda. Nikamweleza yote. Hakucheka. Aliniuliza tu, "Umeiwasha mara ngapi tangu ikwame?"

"Mara tatu, mkubwa. Nilikuwa najaribu kuirudisha."

"Kijana, usiiwashe tena. Kila ukijaribu, unaandika juu ya vitu vyako."

Sentensi hiyo ilinikaa kichwani. Kumbe vitu vyangu bado vilikuwa pale? Nilikuwa nimefuta vipande vyote! Fundi akasema nimuachie siku tatu. Siku hizo tatu sikulala vizuri, kwa hivyo nilisoma. Nilitaka kujua tulifikaje mahali ambapo mtu anaweza kufuta shosho yake kwa kubonyeza mara mbili.

Zamani mfumo haukukaa na vitu vyako

Tuanze Agosti 1981, IBM ilipotoa IBM PC, mashine ambayo ni babu wa karibu kila kompyuta ya mezani unayoiona leo. Bei ya chini kabisa ilikuwa dola 1,565, na kwa bei hiyo hupati diski yoyote. Ukiiwasha bila diski, haikufi. Inafungua lugha ya BASIC, ambayo imechomwa ndani ya chipu kiwandani. Huwezi kuifuta hata ukitaka. Hata iweje, kuna kitu kitawaka.

Ukitaka kazi kubwa, unanunua DOS, ule mfumo endeshi, yaani programu mama inayoongoza zingine zote. Ilikuja kwenye flopi moja ya kilobaiti 160. Unaiweka, mashine inawaka. Halafu kazi zako unaziweka kwenye flopi nyingine, yako.

Angalia hapo vizuri. Mfumo uko kwenye flopi moja na vitu vyako viko kwenye nyingine. Flopi ya DOS ikiharibika, unachukua nakala yake na kuendelea. Barua zako ziko kwenye droo, hazijui hata kama kuna shida. Wakati huo hakuna mtu angeweza kupoteza picha za shosho kwa sababu ya kuweka mfumo upya. Sawa, hakukuwa na picha, lakini umeelewa.

Machi 1983 IBM ikatoa PC XT. Hii ilikuja na diski ya ndani ya megabaiti 10. Leo picha mbili tatu za simu zinaijaza, lakini wakati huo ilikuwa kama kuhama bedsitter ukaingia nyumba ya vyumba vitatu. Kila mtu alifurahi, na walikuwa na haki. Hakuna tena kubadilisha flopi kila dakika. DOS inakaa ndani, barua zinakaa ndani, hesabu zinakaa ndani.

Ndani ya diski moja.

Hapo ndipo kosa langu lilizaliwa. Tangu siku hiyo, mtu wa kawaida akitaka kutengeneza mfumo, anaenda na nyundo kwenye nyumba ambayo watoto wake wamelala. Mpaka leo, zaidi ya miaka arobaini baadaye, kompyuta nyingi za nyumbani bado zinakuja hivyo: diski moja, na ndani yake kipande kimoja kikubwa, Windows na maisha yako vikilala kitanda kimoja.

Kufuta si kufuta

Lakini kuna huruma ndogo ambayo ilikuwa ndani ya diski hizo tangu mwanzo, na ndiyo fundi alikuwa anaitegemea.

Fikiria ploti ya keja. Msimamizi ana daftari: nyumba namba tatu, fulani. Siku moja anakata jina la fulani. Je, fulani ametoka? Hapana. Bado yuko ndani, sufuria zake ziko kwenye jiko. Ila daftari linasema nyumba iko wazi, na mpangaji mwingine akija atapewa. Akishaingia na vitu vyake, hapo sasa fulani ameenda.

Diski inafanya hivyo. Kwenye DOS, ukifuta faili, mashine ilikuwa inabadilisha herufi ya kwanza ya jina lake kuwa alama maalum, na kuandika kwamba nafasi yake iko wazi. Faili lenyewe haliguswi. Hata kufomati kwa haraka ni kubadilisha daftari na kuweka jipya tupu. Wapangaji wote bado wako ndani.

Aliyefanya watu wengi wajue hilo ni Mmarekani anayeitwa Peter Norton. Alifuta faili lake kwa bahati mbaya, na badala ya kuandika kila kitu upya, akaandika programu ya kulirudisha. Mwaka wa 1982 akaanza kuuza mkusanyo wa programu uitwao Norton Utilities, na ndani yake kulikuwa na UnErase. Fikiria hiyo: watu walikuwa wanalipa pesa kununua nafasi ya pili.

Mwaka wa 1991 Microsoft nao wakakubali kwamba binadamu hukosea. MS-DOS 5 ilikuja na amri mbili, UNDELETE na UNFORMAT. UNDELETE ilikuwa inakuuliza kitu kimoja cha kuchekesha: herufi ya kwanza ya jina la faili lako ilikuwa gani? Kwa sababu ndiyo hiyo tu iliyopotea. Ukikumbuka herufi moja, unarudishiwa barua nzima.

Nikakumbuka zile mara tatu nilizojaribu tena. Kila mara nilikuwa naleta wapangaji wapya kwa nguvu.

Droo ya mzae

Windows 95 ilitoka tarehe 24 Agosti 1995. Unaweza kuinunua kwa CD, au kwa rundo la flopi 13. Unakaa unaziingiza moja moja. Ya tisa ikiwa na vumbi, kazi imesimama. Lakini ilikuwa mkononi mwako. Wakati wa kuiweka, ilikuwa inakuambia utengeneze flopi ya kuwashia, uiweke kando kwa siku mbaya.

Halafu ikaja Windows XP, Oktoba 2001, CD moja. Hii naikumbuka kwa sababu ya droo ya mzae. Nikiwa mdogo kulikuwa na CD pale, imeandikwa "XP" kwa kalamu nene, na karatasi ndogo yenye namba ndefu imebandikwa kwa selotepu. Mzae hakuwa mtu wa kompyuta, lakini alijua hiyo CD haichezewi. Nikiigusa tu, anauliza, "Unatafuta nini hapo?" Kwake ilikuwa kama hati ya shamba.

Sasa jiulize: leo kwenye droo yenu kuna nini? Charger tano ambazo hazifanyi kazi na risiti ya supamaketi.

CD ilipotelea wapi? Kampuni za kutengeneza kompyuta ziliona CD ni gharama. Badala yake, zikaanza kuficha nakala ya mfumo ndani ya diski yenyewe, kwenye kipande ambacho hukioni. Unabonyeza kitufe fulani ukiwasha, mashine inarudi kama ilivyotoka dukani. Ni rahisi sana, na hakuna CD ya kupoteza. Ila ufunguo wa akiba wa nyumba umewekwa ndani ya nyumba. Diski ikifa, inakufa na ufunguo wake. Na wewe mwenye ex-UK, mara nyingi kipande hicho hakipo tena. Mashine ilifutwa na kuwekwa mfumo mwingine kabla haijapanda meli.

Hatua iliyofuata, ufunguo ukahama nyumba kabisa. Julai 2011 Apple wakatoa OS X Lion, ukiinunua unaipakua, na Mac mpya za wakati huo zikaanza kuweza kujirudisha kupitia intaneti. Mwaka wa 2012 Windows 8 ikaleta kitufe cha kujisafisha na kitufe cha kuanza upya, huhitaji CD. Mwaka wa 2020 Windows 10 ikaweza kupakua mfumo mzima upya kutoka mtandaoni.

Hapa kwetu hiyo isingewezekana zamani. Kabla ya 2009, intaneti ya Kenya ya kwenda nje ilikuwa inapitia setilaiti. Mwaka huo ndipo nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa. Bila nyaya hizo, kupakua gigabaiti tano saiba kungekuwa ndoto. Kwa hivyo siwezi kusema maendeleo ni mabaya. Nasema tu, angalia mwelekeo: kwanza ufunguo ulikuwa kwenye chipu, ukaja mkononi, ukaingia ndani ya diski, halafu ukaenda mbali, kwa kampuni. Kila hatua, kubonyeza kukawa rahisi zaidi, na ufunguo ukawa mbali zaidi na mwenye nyumba.

Watu wa CD za bure

Kuna kundi lingine katika hadithi hii, na bila wao nisingekuwa na la kuandika.

Septemba 2000, Mjerumani anayeitwa Klaus Knopper alitoa Knoppix. Ilikuwa Linux nzima kwenye CD moja, na uzuri wake ni kwamba haikuhitaji kuwekwa ndani ya mashine. Unawasha kompyuta kutoka kwenye CD, inafanya kazi, diski ya ndani haiguswi. Mafundi waliona mara moja faida yake: Windows imekufa, lakini unaweza kuingia ndani ya nyumba kwa mlango wa nyuma na kutoa vitu vya watu kabla ya kubomoa. Yaani ile hali ya 1981 imerudi, mfumo mahali pake, vitu vyako mahali pake.

Oktoba 2004 ikaja Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina ni neno la Kinguni, ndugu wa neno letu "utu". Na walikuwa na utu kweli: kwa miaka kadhaa, hadi 2011, ulikuwa unaweza kuagiza CD ya Ubuntu na unatumiwa kwa posta bure, popote duniani, hata kama nyumbani hakuna intaneti ya kuipakua.

Na yuko Mfaransa, Christophe Grenier, aliyeandika programu mbili za bure, TestDisk na PhotoRec. TestDisk inatafuta vipande vya diski vilivyofutwa. PhotoRec ni kali zaidi. Haiulizi daftari la msimamizi hata kidogo. Inapita nyumba kwa nyumba ikichungulia dirishani. Kila aina ya faili ina namna yake ya kuanza. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na baiti zile zile tatu kila wakati. PhotoRec ikiziona, inasema, "Huyu ni picha," na inamtoa nje. Jina lake halijulikani, jina lilikuwa kwenye daftari. Lakini yuko hai.

Hivyo ndivyo fundi alifanya. Alitoa diski yetu, akaichomeka kwenye mashine yake kama diski ya pili, akainakili nzima kwenye diski nyingine ili asiguse ya kwanza, halafu akaachilia PhotoRec juu ya nakala. Akafanya hivyo pia na flashi, kwa sababu faili za Windows hazikuwa zimeijaza yote.

Kilichorudi na kisichorudi

Alhamisi alinipa diski ya nje yenye faili elfu kumi na kitu. Zote zina majina ya namba. Nusu ilikuwa takataka: vijipicha vya tovuti, nembo, meme za 2016 ambazo nilidhani zilishaenda. Mimi na dada yangu mdogo tulikaa wikendi mbili tukizichambua. Unafungua, ni kitufe cha tovuti, unafuta. Unafungua, ni kitufe tena. Unafungua, ni shosho amekaa nje kwake ocha, amevaa ile sweta ya kijani.

Dada yangu alilia. Mimi nilisema kuna vumbi.

Picha nyingi zake zilirudi, hasa kutoka kwenye flashi. Video ya ruracio ilirudi nusu. Faili kubwa mara nyingi hutawanywa, kipande huku, kipande kule, na bila daftari PhotoRec haijui kipande kinachofuata kiko wapi. Kwa hivyo inacheza sekunde arobaini na moja, shosho anaanza kucheka, halafu picha inagandia. Mwisho wa kicheko hatuna tena.

Hesabu za chama zilirudi za miaka miwili nyuma tu. Hapo nikaenda kwa mama na kumwambia ukweli wote, kuanzia flashi hadi ile "ziko". Hakupiga kelele. Alienda chumbani akarudi na kauntabuku. Hesabu zote za chama, kila mwezi, kila mwanachama, kwa kalamu. Kompyuta ilikuwa nakala yake. Kauntabuku ndiyo ilikuwa ya kwanza.

Halafu akaniuliza swali moja, ambalo bado sina jibu lake zuri: "Kwa nini uliniambia ziko?"

Mbona naandika hii

Kwa sababu nilikuwa na bahati, na wewe huenda usiwe nayo. Diski yetu ni ya zamani, ya sahani zinazozunguka. Mpangaji anakaa hadi atolewe. Mashine yako mpya ina SSD, na hizo ziko tofauti. Tangu Windows 7 mwaka wa 2009, mfumo unaweza kuiambia SSD, kupitia amri iitwayo TRIM, kwamba nafasi fulani haihitajiki tena. SSD inaisafisha yenyewe, kimya kimya. Msimamizi akikata jina, saa hiyo hiyo vijana wamekuja kutoa vitu na kupaka rangi. Fundi akija kesho na PhotoRec, kwa kawaida anakuta kuta tupu.

Na kuna usimbaji. Kuanzia toleo la Windows 11 la mwishoni mwa 2024, kompyuta nyingi zikiwekewa mfumo upya na ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, diski inafungwa kwa siri bila wewe kuomba. Ni kitu kizuri mwizi akikuibia laptopu. Lakini siku mfumo ukikataa kuwaka, utaulizwa namba ya tarakimu 48. Inahifadhiwa kwenye akaunti yako. Ile akaunti uliyofungua haraka haraka, kwa barua pepe ambayo nywila yake huikumbuki.

Usidhani haya ni ya watu wa mitaani peke yake. Novemba 2001, kisakinishi cha iTunes 2.0 kilifuta diski za watu waliokuwa na Mac, sababu ikiwa programu ilishindwa kusoma vizuri jina la diski lenye nafasi. Apple walilazimika kutoa toleo lingine haraka. Oktoba 2018, Microsoft walisimamisha sasisho kubwa la Windows 10 siku chache baada ya kulitoa, kwa sababu baadhi ya watu walikuta faili zao hazipo. Na tarehe 19 Julai 2024, sasisho moja bovu la CrowdStrike liliangusha kompyuta kama milioni 8.5 za Windows. Ndege zilikwama duniani kote, na wataalamu wenye digrii walikuwa wanatafuta zile tarakimu 48, mashine moja baada ya nyingine.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Tumefundishwa kutumia kompyuta kama abiria wa matatu: panda, lipa, shuka. Hakuna aliyetuambia gurudumu la spea liko wapi. Na kila mwaka linafichwa mbali zaidi, halafu tunaambiwa hiyo ndiyo urahisi. Mimi sikubali. Kama mashine ni yako, njia ya kuifufua inafaa iwe yako pia, iwe kitu unachoweza kushika.

Nilichobadilisha nyumbani ni kidogo, na ungeweza kukifanya leo usiku. Flashi mbili: moja ina mfumo wa kuwashia na imeandikwa kwa kalamu nene, nyingine ina vitu vyetu, na hazikutani. Diski imegawanywa, mfumo kipande chake, picha kipande chake, ili nikikosea tena nikosee upande mmoja, na bado nakala ya picha ikae nje ya mashine. Laptopu ya dada yangu ina zile tarakimu 48, tumeziandika kwenye karatasi. Na kabla ya kufuta chochote, nafungua nakala na kuangalia kwa macho yangu kama kweli kuna kitu ndani. Hilo la mwisho lingeniokoa mwezi mzima.

Karatasi na flashi vinakaa kwenye droo ya mzae, pale CD ya XP ilikuwa. Juzi nilimkuta mama ameongeza kitu juu yake, bila kusema lolote. Ni kauntabuku ya chama ya mwaka uliopita.